UZI: Intavyu za uwekezaji wa majengo Kampala, na ule mtihani wa Excel unaowaangusha wengi

Hesabu_Ntinda, Jumanne, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Kila wiki kuna mtu ananiandikia inboksi na swali lile lile: ameitwa intavyu ya kuchambua uwekezaji wa majengo, ameambiwa aje na laptopu, kutakuwa na "mtihani mdogo wa Excel". Ajiandae vipi? Naandika hapa mara moja ili wote msome, na wenye uzoefu kunizidi wanisahihishe.

Mitihani hiyo nimeifanya mara 5. Mitatu ni hapa Kampala, miwili ni ya kampuni za Nairobi, nayo nilitumiwa kwa barua pepe. Wa kwanza nilifeli vibaya. Nitauanza huo, maana nawaona wengi wakifeli kwa njia ile ile.

Nilipewa karatasi 2 na muda wa saa 1 na nusu. Jengo la ofisi, orodha ya wapangaji 11, masharti ya mkopo, bei anayotaka muuzaji. Swali la mwisho lilikuwa mstari mmoja: ungelinunua kwa bei hii? Nikaanza na wapangaji. Nikajenga jedwali la kila mpangaji, mwezi kwa mwezi, miaka 10, tarehe za mikataba, ongezeko la kila mwaka, kila kitu na rangi yake. Nilipoinua kichwa zilikuwa zimebaki dakika 20. Mkopo sijaugusa. Bei ya kuuza sijaifikia. Mama aliyekuwa akinisimamia alikuja, akausoma ule mstari wa mwisho kwa sauti, taratibu, akanyamaza akinisubiri. Sikuwa na jibu. Nilipanda boda kurudi Ntinda, sikumbuki hata tulipita njia gani.

Tangu siku ile nafuata utaratibu mmoja. Ndani ya dakika 30 za kwanza mifupa yote ya modeli, yaani jedwali la hesabu za jengo, iwe imesimama, kutoka pango hadi jibu, mwaka kwa mwaka, hata kama wapangaji wote 11 wako kwenye mstari mmoja. Nyama utaiongeza ukipata muda. Modeli nyembamba iliyofika mwisho mtu anaweza kuisoma na kukuuliza maswali. Nene iliyokatikia njiani haina cha kuulizwa.

Tuchukue jengo la mazoezi. Nambari nimetunga mwenyewe. Ofisi Bugolobi, mita za mraba 3,000 za kupangisha, dola 14 kwa mita kwa mwezi. Likijaa lote, 3,000 × 14 × 12 ni dola 504,000 kwa mwaka. Toa asilimia 15 ya nafasi tupu, yaani 75,600, unabaki na 428,400. Toa gharama ambazo wapangaji hawakurudishii: ulinzi, bima, meneja wa jengo, dizeli ya jenereta, fundi wa lifti. Tuseme 78,400. Mapato halisi ni 350,000. Muuzaji anataka milioni 3.5. Kwa hiyo kepu reti, yaani mapato halisi ya mwaka ukiyagawa kwa bei, ni asilimia 10.

Hapo, kabla hata ya kufungua Excel, unaweza kujua jibu liko maeneo gani. Kama mapato yanakua asilimia 3 kila mwaka, na unauza kwa kepu reti ile ile uliyonunulia, IRR (faida ya fedha yako kwa mwaka) bila mkopo ni 10 jumlisha 3. Asilimia 13. Modeli ikikuletea 22, kuna seli imeharibika, itafute. Mimi nambari hiyo naiandika kwa kalamu pembeni ya karatasi ya maswali kabla sijagusa kibodi. Imeniokoa mara 2.

Sasa mkopo, na hapa naomba mtulie nami. Video na mafunzo mengi tunayosoma yametoka Marekani, ambako malipo ya mkopo wa jengo yanaweza kusambazwa miaka 25 au 30. Huko unaanza kwa kuuliza benki itatoa asilimia ngapi ya bei. Kwetu mikopo ni ya muda mfupi, na muda huo ndio unaokukaba shingo. Tuseme benki imeandika: hadi asilimia 60 ya bei, riba asilimia 9 kwa dola, miaka 10, na mapato halisi yafike angalau mara 1.30 ya malipo ya mwaka. Uwiano huo ndio DSCR. Wengi wanaandika asilimia 60, dola milioni 2.1, wanasonga mbele.

Kagueni. Milioni 2.1 kwa miaka 10 inalipwa dola 327,222 kila mwaka (nimechukua malipo ya mara moja kwa mwaka ili hesabu ifuatike). Gawa 350,000 kwa hiyo, unapata 1.07. Benki haitoi. Geuza hesabu: 350,000 gawa kwa 1.30 ni 269,231. Hicho ndicho kiwango cha juu unachoweza kulipa kwa mwaka, na kwa riba hiyo kinabeba mkopo wa 1,727,833 tu, chini ya nusu ya bei. Wakikupa miaka 15, malipo yale yale yanabeba kama milioni 2.17, na hapo ile asilimia 60 ndiyo inakuwa kikomo. Aliyeandaa swali ameweka masharti mawili makusudi, aone kama utayapima yote na kuchukua dogo. Kwenye Excel ni MIN ya seli mbili. Lakini mtu asipojua kwa nini anaiandika, haiandiki.

Nitaendelea kesho kuhusu kodi na ardhi. Ulizeni.

Binti_Busia, Jumanne, saa 4:05 usiku

Kaka asante sana, Mungu akubariki. Mimi niko mwaka wa mwisho Makerere, uchumi wa ardhi. Uthamini tumefundishwa vizuri, kepu reti naijua, ila Excel tumeigusa juu juu. Nina intavyu baada ya wiki 3. Maswali yangu: je, nijifunze ARGUS? Naiona kwenye matangazo ya kazi za nje. La pili, kodi unaziweka wapi, juu ya mapato halisi au chini? Mwalimu wetu alituambia uthamini unafanywa kabla ya kodi, tukaishia hapo.

Kijana_wa_Jinja, Jumanne, saa 4:31 usiku

Kwa heshima, mimi naona mnajitesa. Mtandaoni kuna templeti za bure, nzuri kabisa, kila kitu kimeshafungwa. Nilichukua moja, nikaisoma wiki nzima, nikaingia nayo kwenye flashi. Kazi nilipata, benki moja hapa mjini. Kwa nini mtu aanze na karatasi tupu?

Hesabu_Ntinda, Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Ndugu wa Jinja, hongera kwa kazi, nafurahi kweli. Templeti ni mwalimu mzuri. Ifungue, fuata kila fomula kwa Ctrl na [ uone imetoka wapi. Lakini kati ya mitihani yangu 5, mitatu ilifanywa kwenye kompyuta yao, bila intaneti, bila flashi. Hata mmoja wa ile niliyofanyia nyumbani, walinipigia simu kesho yake wakaniambia nishiriki skrini na nibadilishe muda wa ujenzi kutoka miezi 18 hadi 24 wakiwa wanatazama. Modeli usiyoijenga wewe, huwezi kuigeuza ukiwa umekodolewa macho.

Dada Busia, ARGUS ni programu ya Altus Group, inatumika sana kwa majengo yenye wapangaji wengi, na kazi za London au New York zinaweza kuidai. Leseni yake si ya mwanafunzi kujinunulia. Kwa wiki 3 ulizonazo iache. Tumia muda huo kwenye vitu vichache vya Excel hadi vidole vivijue bila kufikiri: PMT, IPMT, PPMT, EDATE, EOMONTH, IRR, XIRR, NPV, MIN, IF, na jedwali la Data Table la kuonyesha IRR ikibadilika bei na kepu reti ya kuuzia zinapobadilika. F4 ya kufunga seli. F2 ya kuingia ndani ya fomula. Nambari unazoingiza kwa mkono ziwe za bluu, fomula nyeusi.

Mitego miwili ya fomula imenigharimu. NPV ya Excel (thamani ya leo ya fedha zijazo) inapunguza thamani ya nambari ya kwanza kana kwamba imekuja mwisho wa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo fedha ya siku ya kununua usiiweke ndani ya mabano. Iache nje, uijumlishe. Na IRR ya safu ya miezi ni IRR ya mwezi. Usiizidishe kwa 12. Asilimia 1.5 kwa mwezi si 18 kwa mwaka, ni 19.56, kwa sababu faida inazaa juu ya faida. XIRR inasoma tarehe na kukupa ya mwaka moja kwa moja, lakini mtahini anaweza kukuuliza kwa nini zimetofautiana, na ukimjibu vizuri hapo umempata.

Kosa jingine: ukiuza mwisho wa mwaka wa 5, mnunuzi analipia mapato ya mwaka wa 6. Modeli lazima ifike mwaka wa 6. Kwenye jengo letu la Bugolobi mwaka wa 6 ni dola 405,746. Kwa kepu reti 10 unauza milioni 4.06. Mnunuzi akidai 11, unauza milioni 3.69 na IRR inashuka kutoka 13 hadi kama 11.4. Asilimia moja tu kwenye seli moja. Ndiyo maana nasema usiache kuonyesha jedwali hilo.

Sasa kodi, na hili nataka kulieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonipa kazi niliyonayo.

Mwalimu wako yuko sawa, mapato halisi ya jengo yanahesabiwa kabla ya kodi ya mapato, na kodi inakaa chini, baada ya malipo ya mkopo. Lakini ukiambiwa uonyeshe anachobaki nacho mwekezaji, hapa Uganda kuna kitu ambacho modeli za nje hazina. Kampuni inayopangisha hutozwa asilimia 30 ya mapato ya pango baada ya gharama, na gharama unazoruhusiwa kukata hazivuki nusu ya mapato hayo. Riba ya mkopo imo humo humo ndani ya hiyo nusu. (Mtu binafsi ana utaratibu wake: asilimia 12 ya pango linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kukata gharama. Sheria hii imeguswa mara kadhaa miaka ya karibuni, kwa hiyo kabla ya intavyu soma ya sasa kwa URA, mamlaka ya mapato.)

Rudi Bugolobi. Pango lililoingia ni 428,400, nusu yake 214,200. Gharama za jengo ni 78,400 na riba ya mwaka wa kwanza kwenye mkopo wa 1,727,833 ni kama 155,505, jumla 233,905. Umeshavuka nusu hata kabla ya uchakavu. Kwa hiyo kodi ni asilimia 30 ya 214,200, dola 64,260. Baada ya kulipa benki ulikuwa umebaki na 80,769. Toa kodi: 16,509. Mwekezaji ametia zaidi ya dola milioni 1.77 za mfukoni mwake, na mwaka wa kwanza anashika chini ya asilimia 1.

Kwenye ule mtihani wa nne niliandika sentensi hiyo juu kabisa ya ukurasa. Modeli yangu haikuwa nzuri kuliko za wenzangu, nina hakika. Lakini waliniuliza kuhusu sentensi ile kwa dakika 20.

Mengine ya kwetu, kwa haraka. Ushuru wa stempu asilimia 1.5 ya bei, uuweke kwenye matumizi ya siku ya kununua: kwa milioni 3.5 ni dola 52,500, na watu wanausahau. VAT asilimia 18 kwenye pango la biashara inapita tu mikononi mwako kwenda URA, usiihesabu kama mapato. Na ukipandisha pango asilimia 15 kila mwaka kwenye modeli, ujue Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 imeweka kikomo cha asilimia 10.

Mkenya_Bugolobi, Jumatano, saa 6:20 mchana

Uzi mzuri sana, bana. Naongeza la sarafu. Pango la ofisi nzuri Kololo, Nakasero na hapa kwetu Bugolobi linatajwa kwa dola, lakini mpangaji wako anapata shilingi. Shilingi ikishuka anakuja kuomba punguzo. Kwa hiyo usifikirie mkopo wa dola umekukinga moja kwa moja. Upande wa pili, mkopo wa shilingi kwa riba ya 18 unakula jengo la kepu reti 10. Nimepima kwenye mfano wa Ntinda: malipo yale yale ya 269,231 kwa riba 18 na miaka 10 yanabeba thamani ya kama milioni 1.21 tu.

Nairobi niliwahi kuulizwa swali la mdomo bila kompyuta: mtaji ukizaa mara 2 kwa miaka 5, IRR ni ngapi? Ni karibu 15. Kwa miaka 3 ni 26. Zikaririni hizo. Na kama intavyu ni ya kampuni inayojenga hosteli, someni jinsi Acorn ya Nairobi ilivyoanzisha REIT (mifuko ya uwekezaji wa majengo) mbili mwaka 2021, moja ya kujenga na moja ya kumiliki zilizokamilika. Hatari za awamu hizo mbili hazifanani, na mtahini atafurahi ukizitenganisha kwenye modeli yako.

MzeeMajengo, Jumatano, saa 3:50 usiku

Vijana wangu, nimesoma yote. Mimi nimekuwa upande wa pili wa meza kwa miaka mingi, mitihani hii nimeiandaa na kuisahihisha. Hesabu_Ntinda amesema kweli tupu, na kuhusu kodi nimefurahi.

Nitawaambia ninachotafuta mimi. Modeli yako naifungua kwa dakika 5. Naenda kwenye seli ya bei, naongeza sifuri, naangalia kama kila kitu kimetetemeka chini hadi IRR. Kama kuna mahali hakikutetemeka, umeandika nambari kwa mkono katikati ya fomula. Halafu naweka nafasi tupu asilimia 100. Kama modeli inaendelea kuonyesha faida, naifunga. Kisha naangalia kama matumizi ya siku ya kununua yanalingana na vyanzo vya fedha, mkopo jumlisha mtaji. Andika seli moja ya ukaguzi, tofauti iwe 0. Kuona mtu amejikagua mwenyewe kunanipa imani kuliko mapambo yoyote.

Baada ya hapo naacha kompyuta na kuuliza kuhusu jengo lenyewe. Hapo ndipo vijana wengi wanakauka. Nauliza: mpangaji wako mkubwa akiondoka? Hili halikutoka hewani. Uchumi ilifunga maduka yake ya Uganda mwaka 2015, Nakumatt ikafuata baada ya miaka michache, Shoprite ikaondoka 2021 na Carrefour ikachukua maduka yake. Kila mara kuna mwenye jengo aliyebaki na ukumbi mkubwa mtupu, na maduka madogo yaliyoufuata ukumbi ule yakaanza kudai punguzo. Kwa hiyo kwenye modeli ya duka kubwa usiniwekee asilimia 10 ya nafasi tupu sawasawa kila mwaka. Niwekee mwaka mmoja ambao mpangaji mkubwa hayupo: miezi ya ukumbi kuwa mtupu, gharama ya kuukarabati, miezi ya bure anayodai mpangaji mpya, na dalali wa kumleta. Kisha angalia kama mapato ya mwaka huo yanalipa benki.

Nauliza pia: ardhi hii ni ya aina gani? Katiba ya 1995 inatambua aina 4: ya kimila, umiliki huru, mailo (umiliki wa kudumu wenye asili ya Buganda) na lizi (ya kukodi kwa muda). Kama mwekezaji si raia, anaruhusiwa lizi tu, na haivuki miaka 99. Je, imebaki miaka mingapi siku utakayouza? Kijana mmoja aliniletea modeli ya jengo lenye lizi ya miaka 31 iliyobaki, akaliuza mwaka wa 10 kwa kepu reti ile ile ya siku ya kununua, kana kwamba miaka 21 na miaka 31 ni kitu kimoja kwa mnunuzi na kwa benki yake. Na kama ni mailo ya kujengwa upya, kuna watu wenye vibanja juu yake, yaani wanaoishi au kulima hapo bila kuwa na hati? Sheria ya Ardhi ya 1998 inawalinda. Fidia yao ni gharama, na mazungumzo nao ni miezi. Miezi hiyo iwe kwenye ratiba ya modeli, riba ikiendelea kuhesabika.

Na nauliza: kama hununui kwa milioni 3.5, unanunua kwa ngapi? Usiniambie "hapana" ukanyamaza. Mwekezaji anataka 15 bila mkopo, ukuaji ni 3, basi kepu reti iwe 12: 350,000 gawa kwa 0.12, kama dola milioni 2.92. Huo ndio mwanzo wa mazungumzo na muuzaji.

Binti_Busia, nakupa zoezi. Hosteli Kikoni, nambari za kujifunzia: vyumba 80, shilingi 1,200,000 kwa chumba kwa muhula, mihula 2 kwa mwaka, vimejaa asilimia 90. Gharama asilimia 35 ya mapato, zinatoka sawasawa kila mwezi. Bei shilingi milioni 900. Benki: riba 18, miaka 7, malipo ya kila mwezi, DSCR angalau 1.25. Omba mkopo wa milioni 350. Ungenunua? Tumia saa 1, usizidishe.

Binti_Busia, Jumatano, saa 4:10 usiku

Mzee, shikamoo, na asante kwa kunijali. Nitalifanya Jumamosi. Naomba kuuliza, ule mgawanyo wa faida kwa ngazi kati ya wawekezaji na msimamizi utakuja kwenye mtihani?

Hesabu_Ntinda, Jumatano, saa 4:25 usiku

Kwangu umekuja mara 1 kati ya 5, ngazi 2 tu: wawekezaji kwanza warudishiwe mtaji na asilimia 8 kwa mwaka, kinachobaki kigawanywe. Ukijua kuandika salio la mwanzo, jumlisha 8, toa kilicholipwa, salio la mwisho, umeumaliza. Fanya hosteli kwanza.

Kijana_wa_Jinja, Alhamisi, saa 2:00 asubuhi

Nimeweka nafasi tupu 100 kwenye templeti yangu kama Mzee alivyosema. Bado inaonyesha IRR ya 4. Leo jioni naanza na karatasi tupu.

Binti_Busia, Jumamosi, saa 11:30 jioni

Nimemaliza, dakika 55. Mapato: 80 × 1,200,000 × 2 ni milioni 192, asilimia 90 ni 172.8. Gharama 60.48. Mapato halisi milioni 112.32, kepu reti 12.5. Malipo ya mkopo shilingi 7,356,243 kwa mwezi, milioni 88.27 kwa mwaka. DSCR ni 1.27, imepita 1.25. Kwa mwaka linabaki kama milioni 24 kabla ya kodi. Nimeandika: nunua, ila omba punguzo kidogo. Mzee, nimekosea wapi?

MzeeMajengo, Jumamosi, saa 2:15 usiku

Hesabu zako zote ni sahihi, na dakika 55 ni vizuri sana. Sasa niambie, wanafunzi wanalipa lini?

Binti_Busia, Jumamosi, saa 2:40 usiku

Mwanzo wa muhula. Agosti na Januari. Mimi niligawa kwa 12.

MzeeMajengo, Jumamosi, saa 2:52 usiku

Ndiyo hapo. Kila muhula zinaingia milioni 86.4. Kila mwezi zinatoka gharama milioni 5.04 na benki 7.36, jumla karibu 12.4. Agosti hadi Desemba ni miezi 5, zinatoka kama milioni 62, na mwenye hosteli anaona milioni 24.4 zimelala akaunti mwezi wa Krismasi. Januari hadi Julai ni miezi 7.

Binti_Busia, Jumamosi, saa 3:20 usiku

Miezi 7 zinatoka 86,773,701. Kwa hiyo akizitoa zile milioni 24.4 zote Desemba, Julai anapungukiwa kama shilingi 374,000, na benki inamhesabu kuwa amechelewa kulipa, ingawa DSCR ya mwaka ni 1.27. Nimeijenga upya mwezi kwa mwezi. Nimeongeza mstari wa akiba: nusu ya ziada ya Desemba isitoke hadi Agosti. Na jibu langu nimelibadilisha: nunua kwa sharti kwamba akiba hiyo iandikwe kwenye mkataba wa mkopo, au benki ikubali malipo yafuate mihula.

MzeeMajengo, Jumamosi, saa 3:31 usiku

Mwanangu, jibu hilo la pili liandike juu kabisa ya ukurasa. Kesho nakuletea duka kubwa lenye wapangaji 40.